Foleni ya watoto wagonjwa si foleni ya sukari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii nimjibu msomaji aliyelalamika kwamba alifika hospitali na mwanawe saa moja asubuhi, akapewa namba, akasubiri kwa adabu hadi saa nne, kisha akamwona mama aliyeingia getini muda huohuo akishikwa mkono na muuguzi na kupelekwa moja kwa moja ndani. Aliita jambo hilo upendeleo, akauliza kama mama yule alikuwa ndugu wa muuguzi au alitoa chochote. Uchungu wake naujua. Sisi tuliopanga foleni za sukari na sabuni kwenye maduka ya kaya mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunajua damu inavyochemka mtu anapopita mbele yako bila maelezo. Lakini foleni ya watoto wagonjwa si foleni ya sukari, na mimi niliyekuwa muuguzi wa wodi ya watoto kwa miaka 31 kabla ya kustaafu nina malalamiko yanayokwenda kinyume na yake: wanaopitishwa mbele ni wachache mno, na mara nyingi si wale wanaostahili.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimu binti yangu katika mkoa mwingine. Mjukuu akashikwa na mafua, tukampeleka kituo cha afya cha jirani, ambacho sitakitaja kwa sababu nilichokiona pale nimekiona pengi. Kwenye benchi letu, mtu wa saba kutoka dirisha la mapokezi, alikaa mama kijana mwenye mtoto wa miezi kama minane aliyefungwa kwa kanga mbili na blanketi, kofia ya sufi imemshuka hadi kwenye nyusi. Mbele kabisa kulikuwa na mvulana wa miaka mitatu hivi aliyekuwa akilia kwa sauti ya kutoboa bati na kurusha mateke, watu wote wakimhurumia, hata karani akatoka na kumwambia mama yake apite. Yule wa miezi minane alikuwa kimya. Nilichokiona ni kofia tu, ikishuka na kupanda kidogo kidogo kama ya mtu anayeitikia mazungumzo. Nikamwomba mama afungue blanketi na kuinua fulana. Kila pumzi ilipoingia, sehemu ya chini ya kifua ilibonyea ndani badala ya kutanuka, na matundu ya pua yalifunguka kama ya mtu aliyetoka mbio. Nikatazama saa ya simu, nikahesabu dakika nzima, nikapata pumzi 68. Mama aliniambia, bila kuinua sauti, kwamba mtoto hajanyonya tangu usiku, na kwamba alipofika aliambiwa akae, zamu yake itafika.

Muuguzi niliyemwita, na namshukuru kwa kutonifokea, alibana kipima oksijeni kwenye kidole cha mguu cha mtoto, kikasoma oksijeni ya damu asilimia 82. Chini ya asilimia 90 mtoto anahitaji oksijeni papo hapo. Akawekewa, akaandikiwa rufaa, na baadaye binti yangu aliniarifu kwamba alilazwa siku 6 akarudi nyumbani. Yule mvulana wa kelele alikuwa na maumivu ya sikio.

Pale hapakuwa na mtu mwenye nia mbaya. Karani alimhurumia anayelia, kama ambavyo wewe na mimi tungemhurumia. Tatizo ni kwamba huruma hufuata kelele, ilhali mtoto anayelia kwa nguvu ameshatuonyesha mambo matatu kwa mpigo: njia yake ya hewa iko wazi, mapafu yake yana hewa ya kutosha kupiga ukelele, na ubongo wake una nguvu za kukasirika. Wa kuogopwa ni yule mnyamavu aliyelegea begani kwa mama, ambaye jirani wa foleni humsifu kwamba ni mpole.

Kumpima mtoto mdogo huanza kabla ya kumgusa, na hapo ndipo wengi wetu tuliozoea wodi za watu wazima tulipolazimika kujifunza upya. Mtu mzima utamuuliza anaumwa wapi, atakuonyesha. Mtoto wa mwaka mmoja ukimsogelea na kifaa cha baridi atalia, na akishalia umepoteza nusu ya ushahidi: pumzi zimepanda, mapigo ya moyo yamepanda, tumbo limekaza, na hujui tena kipi ni cha ugonjwa na kipi ni cha hofu. Kwa hiyo mpimaji mzuri husimama hatua mbili tatu, mtoto akiwa mapajani mwa mama, na kwa muda usiozidi nusu dakika hutazama uchangamfu wake, kazi anayoifanya ili apumue, na rangi ya ngozi yake. Nilipokuwa kazini, funguo za kabati la dawa zilikuwa zikining'inia kwenye kamba shingoni, na mara nyingi nilizitikisa kidogo nikamtazama mtoto machoni. Aliyegeuka akanyoosha mkono kuzitaka, nilijua tuna muda. Aliyezitazama kisha akaziacha, nilianza kuharakisha. Ambaye macho yake yalipita juu ya funguo kana kwamba hazipo, nilimbeba mwenyewe hadi chumba cha dharura, kadi ikatufuata nyuma. Wala mtoto asitolewe mapajani kwa mama pasipo sababu, na masikio na koo viachwe hadi mwisho, maana ndivyo vinavyomliza kuliko vyote. Mwenye sauti ya mkwaruzo anapovuta pumzi, anayedondosha mate na kukataa kulala chali, asilazimishwe kabisa kufungua kinywa kwa kijiti, kwa sababu koo lililovimba linaweza kuziba ukiwa unatazama.

Kuhesabu pumzi ni kipimo kisichohitaji fedha, na ndicho kinachofanywa vibaya kuliko vyote. Nimefungua majalada mengi nikakuta namba 30 imeandikwa kwa kila mtoto aliyepokelewa asubuhi ile, kuanzia wa wiki tatu hadi wa miaka mitano, kama nakala za karatasi ya kaboni. Aliyeandika hakuhesabu, aliujaza mstari ili mkaguzi asiukute mtupu. Wengine huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, jambo ambalo kwa mtoto mchanga halifai, kwa kuwa yeye hapumui kwa mwendo mmoja: huenda haraka, hutulia kwa sekunde kadhaa, kisha huendelea, hivyo robo ya dakika inaweza kukudanganya kwa kuzidisha au kwa kupunguza. Ihesabiwe dakika nzima, mtoto ametulia, hanyonyi wala halii, na fulana imeinuliwa ili kifua kionekane. Mipaka ya Shirika la Afya Duniani si migumu kukumbuka. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 kwa dakika anapumua haraka, na kwake hesabu hurudiwa mara ya pili ili kuhakikisha. Wa miezi 2 hadi 11 mpaka wake ni 50. Wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5 ni 40. Kifua kikibonyea, au mtoto akiguna kila anapotoa pumzi, au kichwa kikiitikia kama cha yule wa kofia ya sufi, hali ni nzito zaidi ya ile inayosemwa na hesabu peke yake. Na lipo jambo moja ambalo limewahi kuwatuliza wauguzi wapya isivyostahili: mtoto aliyekuwa na pumzi 70, baada ya saa mbili akawa na 30 huku amelegea, hajapata nafuu. Amechoka, na yuko karibu kuacha kupumua.

Tofauti na pumzi, kipimajoto tunakiamini kupita kiasi. Mama akifika anaulizwa kwanza kama mtoto ana homa, naye amekuja tayari na jibu. Homa ya nyuzi 39 kwa mtoto anayezungukazunguka benchini akichokoza wenzake inaweza kusubiri; joto la nyuzi 35 kwa mtoto wa wiki mbili aliyeacha kunyonya haliwezi kusubiri hata dakika tano. Mchanga mwenye maambukizi makali mara nyingi hupoa badala ya kuchemka, ndiyo maana mgonjwa yeyote wa chini ya miezi 2 hupaswa kutangulizwa, awe na homa au asiwe nayo.

Kuhusu rangi ya ngozi, vitabu tulivyosomea viliandikwa kwa watoto weupe, vikituambia kwamba mtoto aliyekosa hewa hugeuka buluu. Kwa watoto wetu buluu hiyo itafutwe kwenye ulimi na fizi. Upungufu wa damu hutazamwa kiganjani, kiganja cha mtoto kikiwekwa kando ya cha mama; lakini mama naye akiwa hana damu ya kutosha viganja viwili vyeupe vitakubaliana, kwa hiyo nilizoea kuweka na changu pembeni. Kisha shika mikono na miguu. Ikiwa ya baridi, bonyeza ukucha wa kidole gumba hadi uwe mweupe, achia, na uhesabu: rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, mzunguko wa damu umeanza kulemewa. Haya hufanywa mapema kwa sababu presha ya mtoto ni shahidi anayechelewa kufika. Mishipa yake hujibana, moyo wake hukimbia, na mashine inaendelea kusoma namba nzuri hadi karibu na mwisho, ndipo presha inapoanguka kwa mkupuo mmoja.

Fahamu za mtoto zina ngazi nne ambazo hata mlinzi wa geti anaweza kuzishika: yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia akiumizwa tu, au haitikii kabisa. Kila aliye chini ya ngazi ya kwanza, na kila anayepata degedege, apimwe sukari ya damu bila kungoja majibu ya malaria, kwa kuwa sukari iliyoshuka chini ya milimoli 2.5 kwa lita huua ubongo haraka kuliko ugonjwa wenyewe, na tiba yake si ngumu. Mshipa usipopatikana, hata sukari iliyoloweshwa maji ikiwekwa chini ya ulimi husaidia wakati njia nyingine inatafutwa. Huku kwetu pwani degedege lina hadithi zake, za ndege apitaye usiku na moshi wa kinyesi cha tembo, na sina nia ya kuwadharau wazee walionisimulia. Ninachoomba ni kwamba mtoto alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kitu chochote kinywani, na safari ya hospitali isingoje moshi huo uishe.

Baadhi ya vijana niliowafundisha kazi walikuwa wakiniambia kwamba haya yote ni ya kuwachelewesha, mtoto mahututi atundikiwe dripu kwanza, mengine baadaye. Ninawajibu kwa jambo lililotokea mkoani kwetu Tanga. Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa miongoni mwa hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania zilizoshiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliowahusu watoto 3,141 waliofika na ugonjwa mkali wa homa pamoja na dalili za mzunguko hafifu wa damu. Kwa miaka mingi desturi ilikuwa kuwapa watoto wa namna hiyo maji mengi ya mshipani kwa haraka. Ikaonekana kwamba kati ya kila 100 waliopewa hivyo walifariki kati ya 10 na 11 ndani ya saa 48, ilhali kati ya wale ambao hawakupewa walifariki kama 7. Watoto wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa katika hesabu hiyo, na hapo ndipo upimaji unapoonyesha thamani yake. Mkono wa baridi peke yake hauamui dripu. Mtoto aliyeharisha hadi macho yakadidimia, na ngozi ya tumbo ukiifinya inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, anayahitaji maji hayo. Mwenye homa, asiyeharisha, anayapokea kwa tahadhari kubwa. Na aliyekonda kwa njaa ngozi yake hurudi polepole hata kama maji yanamtosha, kwa hiyo kabla ya kuiamini ngozi hiyo pima mkono wa juu kwa utepe: chini ya sentimita 11.5, kwa mtoto wa miezi 6 hadi kabla ya miaka 5, ni utapiamlo mkali, na tiba yake ya maji ni nyingine kabisa. Uzito nao upimwe kwa mzani, si kwa kukadiria kwa macho, maana kila dozi hutoka humo. Mzani ukiwa haupo, kwa aliyevuka mwaka mmoja huchukuliwa umri, hujumlishwa 4, kisha huzidishwa kwa 2.

Nisisahau neno la mama. Hakuna kifaa kilichowahi kunionya mapema kuliko mama aliyesema, "Huyu leo si yule mwanangu ninayemjua." Wapo wauguzi wanaolichukulia neno hilo kuwa ni wasiwasi wa uzazi wa kwanza. Mimi nililihesabu kuwa dalili, nikaliandika kwenye jalada kwa maneno yake mwenyewe.

Tunaambiwa mara kwa mara kwamba tutafanya hivi siku tukipata vifaa na wataalamu. Ni kweli tumepiga hatua: Muhimbili ilifungua idara ya magonjwa ya dharura mwaka 2010, na leo tunao madaktari bingwa wa dharura waliosomea hapahapa nchini. Lakini mtoto wa kijijini huanzia zahanati, na anayemlaki kwa mara ya kwanza si bingwa bali ni mlinzi, mhudumu wa usafi au karani wa kadi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu kuwapanga watoto wagonjwa kwa uzito wa hali zao unasema wazi kwamba watu hao ndio wafundishwe kutambua dalili za dharura. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth huko Blantyre, nchini Malawi, walipopanga upya namna ya kuwapokea watoto, wakawafundisha watumishi kuwachambua mlangoni na kuanza tiba ya dharura palepale, vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya 10 na 18 kwa kila 100 hadi kati ya 6 na 8, kwa mujibu wa taarifa iliyochapishwa mwaka 2006. Malawi si nchi tajiri kuliko sisi.

Ombi langu kwa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na kwa waganga wafawidhi wanaoongoza vituo, ni dogo. Benchi la watoto litenganishwe na la watu wazima, liwe mahali ambapo muuguzi analiona akiwa kazini, na mtumishi mmoja kwa kila zamu apewe jukumu la kulipitia kila baada ya nusu saa, blanketi zikifunguliwa na kofia zikivuliwa, kwa sababu mtoto aliyekuwa salama saa mbili anaweza kuwa mahututi saa tatu akiwa bado kwenye foleni ileile. Kipima oksijeni kisifungiwe kabatini mwa ofisi kwa hofu ya kuibwa. Kadi, daftari la kliniki na maswali ya malipo vifuate baada ya mtoto kutazamwa. Sera ya kuwatibu walio chini ya miaka mitano bila malipo imekuwapo kwa miaka mingi, lakini dirishani bado tunasikia "kadi kwanza". Na muuguzi anapompitisha mtoto mbele, awaambie waliobaki kwa nini, kwa sentensi moja tu: "Huyu anapumua mara 70, samahani, tutarudi kwenu." Nadhani msomaji aliyelalamika angeambiwa hivyo, angesimama mwenyewe kumpisha mama yule.

Mwezi wa nane nilipita tena kwenye kituo kile cha afya. Saa ya ukutani ya mapokezi ilikuwa imesimama saa mbili na dakika kumi. Nikanunua betri katika duka linalotazamana na geti, karani akapanda juu ya kiti akaiweka, saa ikaanza kwenda, ndipo nikaona kwamba haina mshale wa sekunde. Mganga mfawidhi ameniahidi nyingine.

Muuguzi mstaafu,
Tanga